NYUMBA NI SEHEMU YA MSHAHARA



Tukikutana katika mkutano wa tawi, neno la kwanza ni mshahara, la pili ni mshahara, na la tatu ni mshahara. Si vibaya. Lakini leo twataka kusema juu ya kitu kinachoula mshahara huo kabla haujapata joto mfukoni. Kitu hicho ni nyumba: kodi yake, na mahali ilipojengwa. Shilingi tunayoipigania mwaka mzima katika mapatano huondoka kwa mwenye nyumba na kwa mwenye matatu kabla mwezi haujafika nusu.

Sisi watu wa reli tuna haki ya kusema, kwa kuwa mji wa Nairobi ulizaliwa na reli. Mwaka 1899 reli ilipofika pale palikuwa kambi tu. Waliochora ramani ya kwanza waliweka stesheni, karakana, nyumba za wakubwa wa Kizungu na mtaa wa maduka ya Wahindi. Mwafrika wa kazi ya mikono hakuwekewa mahali katika ramani ile. Alihesabiwa kuwa mpita njia. Ati ana shamba na mke kwao, basi mjini yamtosha pa kulaza ubavu.

Baadaye mtaa wa Pumwani ulitengwa, na landi za reli zikajengwa Muthurwa. Hata hivyo hesabu ya mtu mmoja na kitanda kimoja iliendelea miaka mingi. Mwaka 1954 halmashauri ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilisema wazi kwamba mshahara wa mjini ulipimwa kwa mtu asiye na jamaa, nayo ikataka upimwe kwa mtu na jamaa yake. Tazameni jinsi mambo haya mawili yalivyofungwa kamba moja: chumba kidogo kilikuwa udhuru wa mshahara mdogo, na mshahara mdogo ukawa udhuru wa chumba kidogo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na mojawapo ya malalamiko yao makubwa lilikuwa nyumba. Mwaka 1947 mji ule uligoma tena, watu wa reli na wa bandari bega kwa bega. Posho ya nyumba tunayoiona katika karatasi ya mshahara haikuanguka kutoka mbinguni kama mvua. Leo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba inayofaa, au amlipe fedha za kutosha kodi mbali na mshahara wake. Lakini angalieni mlango wa nyuma: mkataba ukisema kwamba mshahara ni wa jumla na nyumba imo ndani yake, kifungu hicho hakikusaidii. Kabla hujatia sahihi, soma, au mpelekee katibu wa tawi akusomee.

Wako ndugu wanaosema, "Mambo ya ramani za mji ni ya serikali na ya wenye majengo. Chama kishike mshahara tu." Twawajibu kwa hesabu. Tuseme mtu amepata chumba cha bei nafuu mbali na mji. Nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 5,200. Je, chumba kile ni cha bei nafuu? Tena, ikiwa njiani hukaa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, kwa mwezi ni saa 104. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni siku 13. Siku 13 za kazi bila mshahara! Hakuna katibu wa chama ambaye angekubali kutia sahihi mapatano ya namna hiyo, lakini ramani mbaya ya mji imetutilia sahihi sisi sote. Naye mtoto humwona baba yake siku ya Jumapili tu.

Jambo jingine ni ardhi. Landi za Muthurwa zilikuwa karibu na kazi, mtu aliweza kwenda kwa miguu. Mji ulipokua, ardhi ile ikawa ghali, na waliokaa humo wakatakiwa watoke. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wapangaji wa Muthurwa, ikasema haki yao ya makao ilivunjwa. Nayo haki hiyo imeandikwa katika Katiba ya 2010, kifungu cha 43. Kesi ile ina uchungu kwetu, kwa kuwa ardhi yenyewe ilikuwa mali ya mfuko wa pensheni ya watu wa reli. Mstaafu ataka pensheni yake, mpangaji ataka paa lake, na wote wawili ni ndugu wa reli. Mji usiopangwa vema hugombanisha baba na mwana.

Sasa, tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwezi twakatwa 1.5 kwa mia, na mwajiri aongeza kiasi hicho hicho. Mwenye shilingi 30,000 hutoa 450, na mwajiri wake 450. Sisi hatukatai kuchanga. Lakini mwenye kuchanga ana haki ya kuuliza. Twauliza mambo manne. Kwanza, nyumba zijengwe wapi? Ziwe karibu na kazi, au karibu na stesheni ambapo treni ya abiria inapita. Pili, ni ngapi za yule ambaye mapato yake hayafiki shilingi 20,000 kwa mwezi, ambaye sheria hiyo imemtengea fungu lake? Tatu, shule, maji na zahanati zimo katika ramani, au ni kuta tu? Nne, asiyeweza kununua ataweza kupanga?

Twashauri kila tawi lichague watu wawili wa kushughulikia nyumba. Waandike wanachama wanakaa wapi, walipa kodi kiasi gani na nauli kiasi gani. Hesabu hiyo iwekwe mezani siku ya mapatano, pamoja na hesabu ya bei za unga na mafuta. Tena chama kipeleke wajumbe kila mara kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni juu ya ramani. Tukikosa kwenda, wenye majengo watakwenda.

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sisi ndio tunaolala ndani. Basi tuseme sisi.

Umoja ni nguvu.