Ramani Isiyo na Wenyeji

Barua zenu kuhusu ukungu unaoficha ramani kwenye gemu za mikakati zimenikera kiasi cha kuutolea toleo zima. Wengi mnataka upunguzwe. Mnasema upelelezi unachosha: unamzungusha mpanda farasi mmoja gizani huku wanakijiji wako wamesimama bila kazi. Watengenezaji wamewasikiliza, na Age of Empires II ya 2019 ina kitufe cha kumwacha mpelelezi azunguke mwenyewe. Nakipinga kitufe hicho. Kinamnyang'anya mchezaji uamuzi mzito kuliko yote, wa kuchagua upande gani wa ramani abaki hajui. Mchezaji wa Terran katika StarCraft II anayefunua kipande cha ramani kwa nishati 50 amejinyima MULE, roboti ya kuchimba, na madini ambayo ingemletea, na ndivyo inavyopasa: kuona kuwe na gharama.

Ila sisi wapenda ukungu nasi tunaridhika mapema, na huku Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, hatuna haki ya kuridhika, kwa maana vita vya kweli vilipita hapa. Septemba 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, akapanda hadi Ubena. Waingereza wakaamini anakwenda Tabora, wakaelekeza vikosi huko. Yeye akakata magharibi, na tarehe 2 Novemba alikuwa anaishambulia Fife, ng'ambo ya mpaka wetu, upande wa Nakonde. Ikamshinda, akateremkia Kasama. Mapigano ya Ulaya yalikoma tarehe 11. Habari ilimfikia siku mbili tatu baadaye karibu na mto Chambeshi, na tarehe 25 akasalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo.

Wapenzi wa gemu husimulia safari hiyo kama ushindi wa kamanda aliyejua kujificha. Mimi nauliza nani alijua maji yako wapi, na ghala la nani lilikuwa bado na nafaka. Jeshi lile lilikula chakula cha vijiji na kutembea kwa mabega ya wapagazi. Kijiji kilichoporwa asubuhi kilijua msafara wa jeshi umeelekea wapi, na kilikuwa na kila sababu ya kusema, kunyamaza au kudanganya. Wanyamwanga, ambao mpaka wa 1890 uliwagawa, walikuwa na ndugu pande zote mbili. Kwa makamanda wa Kijerumani na wa Kiingereza nchi hii ilikuwa giza. Kwa waliozaliwa humu haikuwa giza hata kidogo.

Sasa fungua Arabia, ramani maarufu ya Age of Empires II. Ina kondoo, kulungu, nguruwe mwitu, mbwa mwitu na dhahabu. Wanakijiji wote waliomo ni wa wachezaji, mwenyeji hakuna. Kondoo uliyemkuta njiani anakufunulia ardhi anayoikanyaga, lakini mtu wa kumuuliza njia hayupo. Hilo ndilo kosa ninalotaka tulijadili, kwa sababu wakoloni nao waliichora nchi yetu hivyo hivyo, tupu, inayomngoja wa kuja kuifunua. Nataka gemu ambamo vijiji vina macho yake. Ukilipa chakula, wanakuambia walichokiona juzi. Ukipora, wanakuelekeza bondeni kusiko na njia, na jioni mpinzani wako anajua ulipolala.

Katika toleo hili kuna makala nzuri kuhusu Kriegspiel, sataranji ya 1899 ambamo humuoni mpinzani na mwamuzi peke yake ndiye anayejua yote. Mwandishi wa bao anaonyesha kwamba kete zote zikiwa wazi, bado mtu anashtukizwa. Makala ya anayetetea programu za kufunua ramani nzima tumeichapisha bila kuikata. Sikubaliani naye katika aya hata moja.

Someni kwanza mchoro wa vijana wa Vwawa: Barabara ya Stevenson, kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika, na kila kijiji kimeandikiwa kinachoweza kuona na kinachoogopa kusema. Kanuni zake ziko tayari. Wanatafuta mtu wa kuwaandikia programu.