Haina intaneti, kwa hiyo iko salama?

Haya wapendwa, nimekuwa kimya siku nyingi. Nilikuwa kufundisha kwa vitendo kwenye shule moja huku huku Tabora, na nimerudi na neno la kuwagombeza walimu wenzangu watarajiwa.

Pale shuleni kuna chumba cha kompyuta. Mashine za msaada, zina Ubuntu ya zamani, hazijaguswa tangu ziwekwe. Wanafunzi wanajifunzia hapo, na alama za mitihani zinatunzwa humo humo. Nikauliza lini zilisasishwa mara ya mwisho. Mwalimu mmoja akacheka: "Ticha, hazina hata intaneti, nani ataingia?"

Jamani! Kuna mlango usiohitaji intaneti. Tarehe 25 Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza hitilafu kwenye pkexec, kiprogramu kinachokuja na Linux nyingi, Ubuntu ikiwemo. Wakaiita PwnKit. Kazi ya pkexec ni kama mlinzi wa geti: unampa amri, anaangalia kama unaruhusiwa, ndipo anaitekeleza kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine. Sasa ukimwita bila kumpa neno hata moja, hashtuki. Anasoma kilichopo pembeni akidhani ndiyo amri. Mjanja akitega cha kwake hapo pembeni, basi, yeye ndiye msimamizi mkuu. Pasiwedi ya nini? Na kosa hilo lilikuwepo tangu toleo la kwanza la mwaka 2009. Zaidi ya miaka 12!

Kinachotakiwa ni kimoja tu: uwe umeshaingia na akaunti ya kawaida. Yaani mwanafunzi wa kidato cha pili tuliyemkalisha wenyewe kwenye kiti. Na msiseme watoto hawajui, maelekezo yalizagaa mtandaoni mapema tu, na likizo wanashika simu.

Ukienda Kwihara kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, utaona kuta nene za kuzuia wa nje. Lakini ukuta haumzuii aliyelala ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa ipo. Ubuntu walitoa marekebisho siku ile ile. Kama toleo lenu limezeeka halipati tena marekebisho, wekeni jipya. Kwa dharura, kuna amri moja tu ya kumvua pkexec yale mamlaka makubwa. Na alama zisikae kwenye mashine ya wanafunzi, hilo halihitaji utaalamu.

Mimi kabla ya kuondoka niliomba alama zihamishiwe kompyuta ya ofisini, wakakubali. Kusasisha wakasema mpaka muhula ujao, eti kwa sababu hakuna intaneti. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa hadi Bagamoyo. Sisi flashi ya mfukoni inatushinda?

Haya, nisemeni.