Likate ua la mwaka wa kwanza

Leo nakuomba tuzungumzie bustani, tena za mbali: zile za Illinois na majimbo jirani katikati ya Marekani, ambako kila mwaka ardhi huganda kwa baridi. Kama una ndugu huko, huenda ameshakutumia picha ya ua jekundu lenye kitovu cha miiba kilichoinuka, na petali zimeinama kama sketi. Hiyo ni ekinasea, ya ukoo mmoja na alizeti. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la kalunguyeye. Labda wewe unaifahamu kwa vidonge vya mafua, lakini leo tuiache dawa.

Ekinasea iliyozoeleka ina rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Wataalamu wa mimea, akiwamo Jim Ault wa Chicago Botanic Garden, waliichavusha na ndugu yake wa njano anayeota kwenye ardhi ya mawe ya Missouri na Arkansas. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 rangi mpya zikaingia sokoni, zikiwamo za chungwa na hatimaye nyekundu. Watu walizigombania. Walizinunua zikiwa zimeshachanua kwenye vyungu, wakazipanda kiangazi, zikatoa maua mpaka baridi ilipokaribia. Majira ya kuchipua yalipofika, wengi walikuta udongo mtupu.

Sababu mojawapo ni maji. Mmea huu hauvumilii kulala kwenye udongo uliotuama maji wakati wa baridi. Lakini ipo nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Ekinasea ni mmea wa miaka mingi: kila mwaka sehemu ya juu hufa, na uhai hubaki kwenye mizizi na machipukizi ya shinani. Mche mchanga ukitumia nguvu zake zote kutoa maua, shina hilo halijengeki. Ndiyo maana wakulima wazoefu hushauri jambo linalouma: mwaka wa kwanza, kata vikonyo vya maua mapema. Majani usiyaguse, kwa sababu ndiyo yanayolisha mizizi.

Sasa tazama makanisani mwetu. Kijana anaokoka mwezi wa tatu. Ana sauti nzuri na ushuhuda wa kusisimua. Mwezi wa sita ameshapewa maikrofoni, picha yake iko kwenye bango la mkutano, anaalikwa mkoa hadi mkoa, na bahasha zinaanza kumfuata. Hajasoma hata Injili moja akaimaliza. Hajawahi kukaa na mzee wa kanisa akamwambia jambo linalomtesa usiku. Mwaka unaofuata haonekani, nasi tunatikisa vichwa na kusema, "Amerudi nyuma." Nani aliyemtanguliza?

Paulo alipomwandikia Timotheo (1 Timotheo 3:6) alimwonya kwamba mwangalizi wa kanisa asiwe mtu aliyeamini juzi, asije akajivuna na kuanguka. Onyo hilo hatulisahau kwa bahati mbaya. Tunalisahau kwa sababu kijana mpya hujaza viti.

Utaniambia kwamba Roho Mtakatifu haendi kwa kalenda, na kwamba mwanamke Msamaria alishuhudia siku ileile aliyokutana na Bwana kisimani. Ni kweli kabisa. Ila alishuhudia mjini kwake, kwa watu waliomjua na kuyajua maisha yake, na hatusomi popote kwamba wanafunzi walimwandalia ziara. Ushuhuda kwa jirani ni jani, wala sisemi ukatwe. Ninachosema kikatwe ni jukwaa.

Kwa hiyo mchungaji, na wewe mzazi unayetamani mwanao aonekane, mwachieni mwaka mmoja. Afundishwe Neno katika kikundi kidogo. Aende na akina mama kumwona mgonjwa, apange viti, apige deki, akosee mbele ya watu watano badala ya elfu tano. Akilalamika kwamba kipawa chake kinafichwa, msikilizeni kwa upole, maana kukatwa kunauma, lakini msimpe bango. Katika Luka 13 mtunza bustani aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, na mwaka huo alikusudia kuupalilia na kuutia mbolea. Jembe lilikuwa mkononi mwake yeye.

Ekinasea iliyokatwa mwaka wa kwanza, ikipandwa penye jua na udongo usiotuama maji, ina nafasi nzuri zaidi ya kurudi ikiwa na vikonyo vingi. Nyuki na vipepeo huifuata kiangazi. Vichwa vyake vikikauka, wenye bustani wengi huviacha vimesimama, na ndege wadogo wa jamii ya chiriku huja kudonoa mbegu hata theluji ikiwa imeshaanguka.