Bwana Shamba Anazungumza: Kabureta na Hewa ya Mlimani



Mwezi huu siandiki habari za kupe wala za malisho. Nataka tuzungumze juu ya kabureta. Najua wengine mtacheka. Lakini chanjo ya ng'ombe haiji yenyewe Nainokanoka. Mama mjamzito anayepelekwa Karatu usiku hawezi kwenda kwa miguu. Gari likizima njiani, shida ni yetu sote.

Mwaka 2016 nilikuwa napanda Nainokanoka kwa Land Rover ya zamani ya petroli. Nyuma kulikuwa na boksi la barafu lenye chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Kabureta ya gari hilo ilikuwa imefumuliwa jana yake, huko chini mjini. Fundi aliiosha, akatia gasketi mpya na sindano mpya, akaifunga. Injini ilinguruma vizuri. Tulipofika ukingo wa Kreta gari likaanza kutoa moshi mweusi. Mbele kidogo likazima. Kila nikiliwasha linazima tena. Wafugaji walikuwa wamezuia ng'ombe bomani tangu alfajiri wakitungoja. Barafu inayeyuka, na mimi nimekaa barabarani namlaumu fundi.

Akapita dereva wa lori la mahindi, mtu mzima. Akasimama, akatazama moshi, akasema, "Bwana mifugo, fundi wako hakukosa. Yeye alilifunga gari huko chini. Wewe unaliendesha huku juu."

Maana yake ni hii. Petroli haiungui bila hewa. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300, na huku kwetu ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Umewaona wageni wa pwani wanavyohema wakipanda Olmoti. Injini nayo inahema. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima, kwa hiyo inatoa petroli nyingi kama ilivyozoea. Petroli isiyoungua vizuri ndiyo moshi mweusi. Na hiyo ni fedha yako inayopaa hewani.

Magari mapya hayana kabureta. Yana kompyuta ndogo inayopima hewa. Lakini Land Rover za Series III zilitengenezwa mpaka mwaka 1985, na zipo zinazotembea hata leo.

Sasa, kurekebisha. Safisha kwanza chujio la hewa. Kwa vumbi la barabara zetu, mara nyingi chujio ndilo lenye kosa na kabureta inasingiziwa. Tazama plagi na pointi. Tazama kama petroli inavuja. Weka gari mahali pa wazi, kwa sababu moshi wake una sumu. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Sigara na koroboi vikae mbali.

Kabureta nyingi zina skrubu mbili. Moja ni ya mwendo wa injini, nyingine ni ya mchanganyiko. Injini ikiwa imezimwa, zungusha skrubu ya mchanganyiko kwenda ndani taratibu mpaka iguse. Ikigusa, acha! Ukiikaza utaharibu ncha yake, nawe utarudi mjini kununua nyingine. Kisha irudishe nje mzunguko 1 na nusu.

Washa injini, ipate moto kwa dakika 10 au 15. Rudisha choki ndani kabisa. Sasa zungusha skrubu ya mchanganyiko robo robo, na kila mara ngoja kidogo usikilize. Tafuta mahali injini inapokwenda kwa kasi na bila kutetemeka. Hapo ndipo penyewe. Mwendo ukiwa mkubwa mno, upunguze kwa skrubu ile nyingine, kisha rudia. Kwa kabureta nyingi kwenda ndani ni kupunguza petroli. Kwa chache ni kinyume, kwa hiyo liamini sikio lako.

Endesha gari, kisha fungua plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Masizi meusi maana yake petroli bado ni nyingi. Nyeupe ni hatari, kwa maana petroli ni kidogo mno na vali zinaweza kuungua.

Skrubu hii husaidia injini inapokwenda polepole tu. Kama moshi unatoka ukikanyaga mafuta mlimani, jeti kubwa ndiyo inayotoa petroli. Fundi anaweza kutia jeti ndogo zaidi. Lakini usiende nayo pwani bila kuirudisha ya kwanza. Na hata ukirekebisha vizuri sana, nguvu ya injini huku juu haifiki ile ya pwani. Punguza mzigo.

Siku ile dereva wa lori alizungusha nusu mzunguko tu, na gari likanguruma. Tulifika saa nane mchana. Barafu ilikuwa imebaki kidogo na chanjo ilikuwa bado baridi, lakini nusu ya ng'ombe walikuwa wamekwisha kwenda majini. Tulirudi wiki iliyofuata.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya plagi na pointi.