Rangi za mchoro ziamuliwe na fundi

Waya wa bluu ni waya gani? Muulize fundi wa umeme wa siku nyingi hapa Rubongi, Uganda, kisha muulize kijana aliyetoka chuoni juzi. Utapewa majibu mawili, na hakuna aliyekosea. Kwa utaratibu wa zamani tuliorithi kwa Waingereza, umeme wa fezi tatu ulikuwa na nyekundu, njano na bluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Utaratibu mpya, ambao wenyewe walianza kuuruhusu mwaka 2004 na kuulazimisha kwa kazi mpya kuanzia Aprili 2006, unataka fezi ziwe kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro iwe bluu. Yaani bluu imetoka kwenye moto ikahamia kwenye nyutro, nyeusi nayo ikapanda kwenye moto. Majengo yetu ya Tororo, Malaba na Busia zote mbili yana nyaya za enzi zote, wakati mwingine ndani ya bodi moja.

Ndiyo maana hunikera mtu akiziita rangi za mchoro mapambo.

Kazi yangu ni kuchora michoro ya umeme na mabomba kwa wakandarasi wadogo. Mimi niko Rubongi, mwenzangu mmoja yuko Malaba upande wa Kenya, mwingine yuko Busia. Wateja hawajui mpaka: mtu wa Busia ya Kenya anajenga Tororo, wa Tororo anajenga Bungoma. Tunatumia draw.io kwa sababu haina malipo na hufanya kazi kwenye laptopu hata pasipo intaneti. Kwa sisi wa mpakani, ambao simu zetu hurukia mtandao wa nchi jirani bila kuombwa na kula bando lote, hilo si jambo dogo.

Programu hii ina tabia moja ambayo kila timu ingepaswa kuijua kabla ya kuanza kazi. Kila umbo hubeba mtindo wake mwenyewe mgongoni. Bofya mstari, bonyeza Ctrl na E, utaona sentensi ndefu isiyo na nafasi ambamo rangi, unene na aina ya nukta vimeandikwa vyote. Ukinakili mstari kwenye mchoro wa mwenzako ukaubandika kwako, umekuja na rangi za kwake. Ukibadilisha mtindo wa kuanzia leo, mistari ya jana haisogei. Hata ukirekebisha maktaba ya maumbo mnayotumia pamoja, yale yaliyokwisha kutolewa humo hubaki na sura yao ya zamani. AutoCAD ina ugonjwa mwingine. Kwa wengi wanaoitumia, rangi ni namba tu, na kuna faili la pembeni, CTB, linaloamua kila namba kati ya 255 ichapwe kwa unene gani. Tuma mchoro usahau faili hilo, ukuta na waya vitatoka unene mmoja.

Basi nani aamue? Ofisi nyingi humwachia bosi, na bosi huitazama nembo yake. Kuna meneja mmoja aliagiza mistari yote ya mchoro wa umeme iwe ya kijani, kwa kuwa kijani ndiyo rangi ya kampuni. Kijani ni ethi! Nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba mteja anataka kitu cha kupendeza. Mteja gani huyo anayepanda ngazi kufunga bodi?

Anayepanda ngazi ni fundi, na fundi haoni mchoro tunaouona sisi. Faili hutumwa kwa WhatsApp hadi duka la fotokopi, likachapwa kwa wino mweusi, nakala ikatolewa nakala nyingine, karatasi ikakunjwa mara nne ikaingia mfukoni. Kahawia, nyeusi na kijivu, zile fezi tatu za utaratibu mpya, zikipita kwenye fotokopi hubaki weusi mmoja wenye vumbi. Fundi mmoja mtu mzima aliwahi kunipigia simu kutoka saiti.

"Dada, hapa kwangu laini zote ni nyeusi. Niunge ipi?"

"Usiunge hata moja, mzee. Nipe dakika, nakutumia majina."

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: rangi isiachiwe kubeba maana peke yake. Kila mstari wetu una herufi, L1, L2, L3 au N, na kila aina ina nukta zake. Maktaba yetu ni faili moja, na maumbo yamepewa majina ya kazi yanazofanya. Hakuna "mstari wa bluu" humo. Kuna "nyutro, mpya" na "fezi ya tatu, ya zamani". Mwenye ruhusa ya kubadilisha faili hilo ni mmoja, naye ni mdogo wetu kuliko wote. Tulimchagua kwa sababu ndiye anayepeleka karatasi saiti na kusikia maswali. Mkubwa akitaka badiliko anamwomba, na mdogo ana haki ya kukataa. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Sasa tumezoea.

Jambo lililotugombanisha zaidi ni michoro ya zamani. Mwenzangu wa Busia alitaka kila tunapobadilisha mtindo, faili zote za nyuma zisafishwe zifanane. Mimi nilikataa, na bado nakataa. Jengo lililofungwa kwa nyekundu, njano na bluu litabaki hivyo ukutani hata ukilichora upya kwa kahawia. Waingereza wenyewe waliliona hilo: bodi yenye nyaya za rangi za matoleo mawili waliagiza ibandikwe tangazo la tahadhari. Kwenye michoro yetu tangazo hilo liko kwenye kona ya chini kulia, pamoja na tarehe ya maktaba iliyotumika. Vijana husema hayo yote yanawafunga mikono. Kurasa za jalada ziko wazi, wachore maua wakitaka.

Nina ombi kwa wakandarasi wa pande zote mbili. Kabla hujamlipa mchoraji, peleka mchoro wake kwenye fotokopi ya bei ya chini kabisa, toa nakala ya nakala, mpe fundi ambaye hajauona. Akikuuliza hata mstari mmoja ni wa nini, pesa zikae kwanza mfukoni mwako.