Meli Iliyofungwa Masandukuni

Watoto wapenzi wa Kashuga, ninyi mnaochonga magari na mashua za miti, sikieni habari hii.

Mwaka 1913 mafundi wa Papenburg, Ujerumani, waliunda meli ya chuma, kisha wakaifungua kipande kwa kipande na kuitia katika masanduku yapata 5,000. Yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakafika Kigoma. Huko meli ikaungwa tena. Mwaka 1915 ikashushwa ziwani Tanganyika, ikawa meli ya vita. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la Mjerumani aliyeupanda mlima wetu Nyiragongo mwaka 1894.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, adui asiipate. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua. Mwaka 1927 ikarudi kazini, ikichukua abiria na mizigo, kwa jina Liemba.

Sisi wa Kashuga tunajua vita huwalazimisha watu kuacha mali yao. Mafundi wale nao waliiacha meli, ila hawakuiharibu mitambo. Basi, mtoto, mashua yako ikikushinda leo, usiivunje kwa hasira. Viweke vipande vyake pakavu. Kesho ndugu yako ataviunga.