Kati ya "karibu" na "kamili"



Katika shule zetu nyingi za msingi, neno "karibu" halina heshima katika somo la hesabu. Mtoto akiulizwa 48 mara 52 ni ngapi, naye akajibu "ni kama 2,500", huwekewa alama nyekundu sawasawa na mwenzake aliyejibu 336. Wote wawili hupata sufuri. Hata hivyo, yule wa kwanza ameona vema: 48 ni jirani wa 50, 52 naye ni jirani wa 50, na 50 mara 50 ni 2,500. Jibu kamili ni 2,496. Amekosea kwa 4 tu. Wa pili alifuata njia aliyofundishwa, akazidisha tarakimu moja baada ya nyingine, akasahau kusogeza mstari wa pili nafasi moja upande wa kushoto, akajumlisha 96 na 240, kisha akaweka kalamu chini. Hakuna kitu ndani yake kilichomwambia kwamba 336 haiwezekani.

Sisi tunaona kwamba huyu wa pili ndiye aliyenyimwa haki yake na shule. Hakunyimwa njia ya kuzidisha, maana njia anayo. Alinyimwa mazoea ya kujiuliza, kabla ya kushika kalamu, "Jibu litakuwa kama ngapi?" Na kwa kuwa shule nyingi za msingi katika nchi yetu zinaongozwa na Kanisa chini ya mapatano yaliyotiwa sahihi na Serikali mwaka 1977, jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2019 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi 14 zilizoshiriki uchunguzi wa PASEC kuhusu masomo ya watoto. Walio wengi kati ya watoto wetu wanaomaliza shule ya msingi hawakufikia kiwango cha kutosha katika hesabu. Mwaka huohuo masomo ya msingi yalitangazwa kuwa ya bure, na madarasa yakafurika. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake hukimbilia kanuni, kwa kuwa kanuni husahihishwa upesi. Tunamwelewa. Lakini tunaomba atusikilize kidogo.

Makadirio yenyewe si jambo geni wala gumu. Kitabu cha Kifaransa hutumia neno arrondir. Sisi twaweza kusema kusogeza namba hadi kwenye kumi, mia au elfu iliyo karibu nayo. Namba 487 ikisogezwa kwenye kumi inakuwa 490; ikisogezwa kwenye mia inakuwa 500. Ikiwa chini ya nusu hurudi nyuma, ikizidi nusu huenda mbele. Na ile iliyo katikati kabisa, kama 450 kati ya 400 na 500, watu wamepatana tu kuipeleka mbele. Ni mapatano, wala si sheria iliyomo ndani ya namba. Ingefaa mtoto aambiwe hivyo waziwazi, maana watoto wenye akili huuliza sababu, nao hukatishwa tamaa wakijibiwa kwamba ndivyo ilivyo.

Hata kanuni hiyo ndogo ina mtego wake. Mpe mtoto namba 1,449, umwambie aisogeze kwenye elfu iliyo karibu. Akipanda ngazi moja moja, atapata kwanza 1,450, kisha 1,500, na mwishowe 2,000. Kila hatua ni sahihi kwa kanuni, lakini jibu ni potovu, kwa sababu 1,449 iko karibu zaidi na 1,000. Mtoto aliyezoea kuziona namba zimesimama njiani kama mawe ya kilometa hatanaswa. Aliyekariri kanuni peke yake atanaswa kila mara.

Twende sasa sokoni, ambako hesabu hudai jibu papo hapo. Mama anamtuma binti yake wa mwaka wa nne na noti ya faranga 10,000. Unga ni 3,700, mafuta 2,300, maharagwe 1,800, chumvi na nyanya 900. Binti hana karatasi. Akisogeza kila bei kwenye elfu iliyo karibu, atasema 4,000 na 2,000 na 2,000 na 1,000: jumla 9,000. Kwa hiyo anajua kwamba noti yake itatosha, na kwamba anapaswa kurudishiwa kama 1,000 hivi. Hesabu kamili ni 8,700, na baki ni 1,300. Muuzaji akimpa 300, hata kwa kusahau tu, mtoto huyu ataendelea kunyosha mkono. Mwenzake atashukuru na kwenda zake.

Wazazi wa rika letu walijifunza ufundi huo kwa shida. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 faranga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Ukizidisha, utaona kwamba faranga moja ya siku hiyo ilibeba zaire za zamani bilioni 300. Watu ambao hawakukaa sana darasani walifunika sufuri kwa kidole gumba, wakabakiza tarakimu zenye maana, wakafanya biashara. Leo watoto wetu wanaishi kati ya fedha mbili. Mwaka 2024, dola moja ilipokuwa imefikia karibu faranga 2,800, bidhaa ya dola 15 iliweza kukadiriwa hivi: tuseme dola ni 3,000, basi 15 mara 3,000 ni 45,000, lakini tumezidisha 200 kwa kila dola, yaani 3,000 kwa jumla, basi ni 42,000. Anayeweza kufanya hivyo kichwani atajua pia kwamba akidaiwa 46,000 kuna jambo la kuuliza, kwa kuwa hata kadirio lake la juu halikufika huko.

Hapa tunafikia jambo linalotusumbua zaidi. Shule inafundisha kwamba namba husogezwa kuelekea upande ulio karibu, basi. Maisha huuliza kwanza: hasara itakuwa ya nani? Tuseme watoto 130 wa parokia wanakwenda hija, na kila basi dogo linabeba 18. Gawanya 130 kwa 18, utapata 7 na kitu kidogo. Kanuni ya darasani itasema mabasi 7. Lakini mabasi 7 hubeba watoto 126. Watoto wanne wamebaki kando ya barabara wakiwa na vyakula vyao mkononi, na kanuni haikuvunjwa hata kidogo. Hapo lazima kupanda hadi 8. Sasa tuseme una faranga 5,500 na daftari moja ni 700. Ukigawanya utapata 7 na sehemu kubwa sana, karibu 8. Kanuni itasema 8, lakini madaftari 8 ni faranga 5,600. Hapo lazima kushuka hadi 7, hata kama 8 iko karibu zaidi. Mtoto ambaye hakuwahi kuulizwa maswali haya mawili siku moja, moja kando ya lingine, hajafundishwa makadirio. Amefundishwa kubadilisha tarakimu.

Na muuzaji anayedai 2,350 kisha akasema, "Leta 2,500, baki hakuna," naye amekadiria. Noti ndogo zimekuwa adimu, hilo ni kweli. Mara nyingine pipi moja huwekwa mahali pa baki. Hatutaki kumhukumu kila mama anayeuza mkaa kwa jua kali. Lakini tumetazama, na tumeona kwamba namba hizo mara nyingi husogea upande mmoja. Bei hupanda hadi mia tano inayofuata. Kiwango cha dola hushuka unapotoa dola na kupanda unapoitafuta. Makadirio ya haki, yakirudiwa mara nyingi, hupungua hapa na kuzidi pale, na mwisho wa mwezi tofauti inakuwa ndogo, kama ilivyokuwa kwa yule binti aliyekosea kwa 300 tu katika bei nne. Makadirio ya upande mmoja hayafanyi hivyo. Faranga 150 leo, 100 kesho, 150 keshokutwa: haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba ni cha mtu mwingine. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuliona jambo hilo kwa kujumlisha tu, akiandikiwa ubaoni bei kumi zilizosogezwa zote juu. Hatuoni sababu ya kumficha.

Kuna pia namba zinazotoka juu. Sensa ya mwisho ya watu katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, nayo ilihesabu watu kama milioni 30. Leo husemwa kwamba tumepita milioni 100, na kila mwenye kutaja idadi yetu anakadiria. Hilo si kosa. Hakuna njia nyingine maadamu hatujahesabiwa. Lakini msomi anapotokea na namba yenye tarakimu tisa, zote zimejazwa hadi mtu wa mwisho, mtoto aliyezoea makadirio atatabasamu. Atajua kwamba "karibu milioni 100" ni neno la kweli kuliko namba ile ndefu iliyovaa nguo za uhakika.

Walimu wengine wametuambia kwamba kadirio ni mlango wa uvivu: mtoto akiruhusiwa kusema "kama" hatajifunza tena kuhesabu. Pingamizi hili lina uzito, nasi hatutaki kulipita haraka. Kuna mahali ambapo "karibu" haikubaliki kabisa. Dawa ya mtoto mwenye homa haipimwi kwa "karibu". Mwekahazina wa shirika hawezi kusoma mbele ya wenzake kwamba michango ilikuwa kama faranga 80,000 hivi; atasimamishwa, tena kwa haki. Mwinjili Yoane anatufaa hapa kama mwalimu wa hesabu, ikiwa tunaruhusiwa kumtazama hivyo. Katika sura ya 6 watu walioketi nyasini anawataja kwa kadirio, wapata 5,000, na Filipo bila kuhesabu vichwa anatambua kwamba mikate ya denari 200 haitafaa kitu. Gawanya mwenyewe, utaona ni denari moja, mshahara wa siku moja wa kibarua, kwa watu 25. Katika sura ya 21 chombo kiko mbali na nchi kavu kwa dhiraa zipatazo 200, lakini samaki waliovutwa ni 153, wala si kama 150. Masafa yamekadiriwa na samaki wamehesabiwa, katika habari moja na mwandishi mmoja. Samaki ni wa kugawana, hivyo huhesabiwa; umbali wa kupiga makasia unatosha kwa jicho. Huo ndio utambuzi tunaoutaka kwa watoto wetu.

Nao uvivu? Jaribu kukadiria 48 mara 52 bila kujua kwamba 5 mara 5 ni 25, na bila kujua sufuri mbili zinakwenda wapi. Haiwezekani. Anayekadiria vizuri amekwisha kujifunza majedwali yake na thamani ya nafasi za tarakimu. Mvivu wa kweli ni yule anayeandika 336 na kugeuza ukurasa. Au, siku hizi, yule anayebonyeza simu, kidole kikateleza kwenye sufuri moja zaidi, naye akanakili kila kilichotokea kwenye kioo. Kadirio halichukui nafasi ya hesabu kamili. Linaitangulia kama mtu anayetazama mto kabla ya kuvuka, na linarudi baadaye kuuliza kama tumefika ng'ambo tuliyokusudia.

Kwa hiyo ombi letu kwa walimu, mwaka wa masomo utakapofunguliwa Septemba, si kubwa. Kabla ya kila zoezi la kuzidisha au kugawanya, dakika moja ya kinywa: "Ni kama ngapi?" Majibu matatu au manne yaandikwe kwenye pembe ya ubao, hata yakitofautiana, kisha kila mtoto aseme alipitia wapi. Mmoja atasema 2,500, mwingine 2,400 kwa kuwa alifanya 48 mara 50, mwingine 2,600 kwa kuwa alifanya 50 mara 52. Yote matatu yanakubalika. Hilo litawashangaza watoto, na huenda litamsumbua mwalimu aliyezoea jibu moja. Baada ya hesabu kamili, watazame ni kadirio lipi lilikaribia zaidi na kwa nini. Zoezi hili halidai kitabu, wala karatasi, wala fedha. Linafaa hata pale ambapo watoto wanne wanakalia benchi la watu wawili.

Na kwa wazazi: msimtume mtoto dukani na hesabu mliyokwisha kumfanyia. Mwambieni bei, mpeni noti, mkamuulize mlangoni ategemee baki ya kama kiasi gani. Akirudi, hesabuni pamoja hadi faranga ya mwisho. Ikiwa alisema 1,000 na amerudi na 1,300, mwacheni aeleze mwenyewe hizo 300 zimetoka wapi.